Umeme Ukikatika, Hatari Haikatiki

Mazungumzo yetu kuhusu kukatika kwa umeme huwa, kwa kawaida, mazungumzo ya hasara. Mwenye saluni huhesabu wateja walioondoka bila kuhudumiwa, muuza samaki huhesabu samaki walioharibika ndani ya jokofu, na mwenye kiwanda huhesabu saa ambazo mitambo imesimama. Hesabu hizo ni za haki. Hata hivyo, ipo hesabu nyingine ambayo ni nadra kuisikia: ile ya watu wanaougua, wanaoungua na wanaopoteza maisha kutokana na yale tuyafanyayo majumbani mwetu umeme unapokuwa haupo, na katika dakika zile unaporejea. Makala haya yanatetea hoja moja tu. Kukatika kwa umeme ni suala la afya ya jamii, na elimu yake haina budi kutolewa na watumishi wa afya kwa uzito uleule tunaoutumia kuzungumzia kipindupindu nyakati za mvua.

Wapo watakaosema kwamba suala hili litajimaliza lenyewe. Watataja Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mwanzoni mwa mwaka 2024. Hakuna shaka kwamba hayo ni maendeleo makubwa. Lakini umeme haukatiki kwa sababu ya uhaba wa uzalishaji peke yake. Hukatika mti unapoangukia nyaya, nguzo inaposombwa na maji, transfoma inapoungua, au hitilafu ya mahali pamoja inapoangusha mfumo mzima. Tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu katika Gridi ya Taifa iliyaacha maeneo mengi ya Tanzania bila umeme. Tarehe 25 Agosti 2023, jirani zetu wa Kenya walikumbwa na giza lililoenea karibu nchi nzima. Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme wa gridi kwa takribani mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kwa takribani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme inayovuka bahari kutoka Tanzania Bara. Katika vipindi hivyo, ngurumo za majenereta zilisikika mchana na usiku katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Nchi inaweza kuzalisha umeme wa kutosha na bado mtaa wako ukalala gizani leo usiku. Swali la msingi, basi, ni namna tunavyoishi saa hizo.

Giza lenyewe haliui. Kinachoua mara nyingi ni kile tunachokiingiza ndani ili kuziba pengo la umeme. Jenereta ya petroli na jiko la mkaa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Mtu anapoivuta, huingia katika damu na kujishikiza kwenye himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo damu inaendelea kuzunguka kama kawaida, lakini imebeba mzigo usiofaa. Ubongo na moyo, ambavyo havivumilii kukosa oksijeni, huwa vya kwanza kuathirika. Aliyelala usingizi anaweza kufa bila kuamka, kwa kuwa hakuna kinachomshtua.

Kuhusu jiko la mkaa, kuna imani moja iliyoenea ambayo yafaa ivunjwe. Watu wengi huwasha mkaa nje, husubiri moshi uishe na makaa yakolee, kisha huliingiza jiko ndani wakiamini kuwa hatari imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Moshi ulikuwa ndio mlinzi wao, kwa sababu huwasha macho na kumfanya mtu afungue mlango. Makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na sasa hakuna dalili yoyote ya kumwonya mtu. Katika maeneo ya baridi kama Njombe, Makete, Lushoto na miteremko ya Mlima Meru, jiko lililopikia chakula cha usiku hubakizwa chumbani lipashe joto, milango ikafungwa na nyufa zikazibwa kwa vitambaa. Hapo ndipo familia nzima huweza kukutwa asubuhi ikiwa haina uhai.

Isidhaniwe kwamba haya ni matatizo ya watu maskini peke yao. Februari 2021 baridi kali iliuvuruga mfumo wa umeme wa jimbo la Texas, nchini Marekani. Baadhi ya watu hawakuuawa na baridi yenyewe, bali na gesi iliyotoka kwenye magari waliyoyawasha ndani ya gereji, majenereta na majiko ya mkaa waliyoyatumia kujipasha joto. Miongoni mwa waliofikwa na mauti kwa njia hiyo walikuwamo wahamiaji kutoka Afrika. Mwaka uliotangulia, baada ya kimbunga Laura kupiga Louisiana, majenereta yaliwaua watu ambao kimbunga chenyewe kilikuwa kimewaacha hai. Utajiri wa nchi haukuwakinga, kwa sababu gesi hii haiangalii nyumba ni ya nani. Huangalia tu kama hewa inapita.

Kwa upande wetu sisi watoa huduma, tatizo hili lina sura ya pili. Dalili za sumu hii ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na kuchanganyikiwa. Katika nchi yetu, mtu mwenye dalili hizo hufikiriwa kwanza kuwa na malaria, na ni sawa apimwe. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, na joto la mwili likawa la kawaida, kuna swali moja lisilogharimu chochote: "Jana usiku umeme ulikatika? Mlitumia nini?" Swali la pili ni kama wengine nyumbani wanaumwa vivyo hivyo, na la tatu ni kama mgonjwa hupata nafuu akitoka nje na kuzidiwa akirudi ndani. Majibu ya "ndiyo" kwa maswali hayo yanapaswa kumwamsha daktari au muuguzi mara moja. Tena, kipima oksijeni cha kidoleni kisituhadae. Vifaa vingi vya aina hiyo haviwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Vinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Tiba ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye hewa hiyo na kumpa oksijeni ya kiwango cha juu kwa kutumia barakoa. Katika hewa ya kawaida, huchukua takribani saa nne hadi tano gesi hiyo kupungua kwa nusu katika damu. Kwa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu.

Ushauri unaotolewa kwa kawaida ni mwepisi kuutamka: jenereta iwekwe nje, umbali wa angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, na bomba lake la moshi lielekezwe mbali na milango na madirisha. Kufungua madirisha peke yake hakutoshi, na veranda, ngazi, stoo au korido si nje. Nakubaliana na kila neno la ushauri huo. Ninachopinga ni kuutoa kana kwamba watu wanaokiuka kanuni hizo ni wajinga. Mwenye duka anayeiweka jenereta nyuma ya kaunta anajua fika kwamba inamsumbua kwa kelele na harufu. Anaiweka hapo kwa sababu akiiacha nje itaibwa, au italowana mvua. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese au Buguruni hana hizo mita sita. Akitoka mlangoni anakutana na ukuta wa jirani. Elimu ya afya isiyojibu hofu ya wizi na ufinyu wa nafasi itasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa.

Kwa hiyo tuzungumze na watu kwa namna inayowezekana. Jenereta inaweza kufungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye chuma kilichozikwa katika zege, chini ya paa dogo lisilo na kuta, ili ikingwe mvua huku moshi ukitawanyika. Pale ambapo nafasi haipo kabisa, majirani wanaweza kuchangia jenereta moja iliyowekwa mahali pa wazi badala ya kila mmoja kuwasha yake uani, mradi nyaya zipitishwe na fundi mwenye sifa. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, basi jibu la kweli ni kutoitumia jenereta hapo. Taa ndogo ya sola au ya kuchaji haitaendesha jokofu, lakini haitamuua mtoto aliyelala. Taa hiyo pia inatuepusha na koroboi na mshumaa, ambavyo huangukia neti na mapazia, na inamwepusha kijana anayeongeza petroli kwenye jenereta yenye moto huku akimulikiwa kwa kibatari. Jenereta izimwe na iachwe ipoe kwanza ndipo ijazwe mafuta.

Hatari ya pili haimpati mwenye jenereta, bali mtu asiyemjua. Baadhi ya watu huunganisha jenereta na nyumba kwa kutumia waya wenye plagi kila upande: plagi moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. Taa zote za nyumba huwaka, na kazi huonekana kuwa imefanywa kwa werevu. Lakini kama swichi kuu haikuzimwa, umeme huo hautaishia ndani ya nyumba. Utatoka kupitia mita, utafuata nyaya hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haina mlango wa upande mmoja. Kama inavyoshusha volti 11,000 kuwa volti zinazotumika majumbani, ndivyo inavyoweza kuzipandisha volti za jenereta kuwa maelfu. Fundi aliyeko juu ya nguzo, akirekebisha laini aliyoambiwa kuwa imezimwa, anaweza kuuawa na jenereta ya mtu aliyetaka kutazama mpira. Plagi hiyo yenyewe, ikichomolewa upande mmoja jenereta ikiwa inafanya kazi, hubaki na pini za chuma zilizo wazi zenye umeme mkononi mwa aliyeishika. Njia halali ni moja: swichi maalumu ya kubadilishia, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, ambayo hairuhusu kamwe umeme wa gridi na wa jenereta kukutana. Asiyeweza kuifunga aunganishe vifaa vyake moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya imara, wala asiiguse mifumo ya ukutani.

Hatari ya tatu huja pale tunaposhangilia kurejea kwa umeme. Umeme hukatika mtu akipiga pasi. Anaiacha juu ya meza na kwenda sokoni. Umeme unaporudi, pasi huwaka katika nyumba iliyofungwa. Vivyo hivyo kwa jiko la umeme lililosahaulika na hita iliyoachwa ndani ya ndoo ya maji ya kuoga. Hita hiyo inastahili kutajwa pekee. Imo katika nyumba nyingi, bei yake ni ndogo, na mara nyingi haina ulinzi wowote. Mtoto hupita, hakuna umeme, huchezea maji. Dakika moja baadaye umeme hurudi na maji yaleyale yanaweza kumuua. Kanuni ni rahisi kuikumbuka: umeme ukikatika, kila kifaa kinachotoa joto kichomolewe ukutani kabla ya kutafuta tochi. Jokofu na televisheni navyo vichomolewe, kwa sababu umeme unaporejea volti zake huweza kuyumba. Taa moja iachwe swichi yake ikiwa imewashwa ili itoe taarifa.

Watu wengi hawaamini kwamba umeme wa nyumbani ni wa kuua, kwa kuwa wamewahi kupigwa shoti wakapona. Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Balbu ya wati 10 kwenye umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa takribani miliampea 43. Mkondo wa miliampea 30 ukipita kifuani unaweza kubana misuli ya kupumua na kumfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika. Ukizidi hapo na kudumu, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Yaani kiasi kinachowasha balbu ndogo kinatosha kuusimamisha moyo. Sasa tukumbuke kwamba kikata umeme cha kawaida cha soketi husubiri hadi mkondo upite makumi ya ampea ndipo kikate. Kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Hakikutengenezwa kumlinda binadamu. Kinachomlinda binadamu ni kifaa kingine, kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini na kuukata mkondo huo unapofikia miliampea 30, katika sehemu ndogo ya sekunde. Kila mwenye nyumba amuulize fundi wake swali hilo: kifaa hicho kipo au hakipo? Na waya wa ardhini umefungwa kweli, au umeachwa ukining'inia?

Mafuriko huyakusanya haya yote mahali pamoja. Wakazi wa Jangwani na mabonde mengine ya Dar es Salaam wanajua jinsi maji yanavyoingia ndani kwa dakika chache. Mtu huona maji yanakaribia soketi na kukimbilia swichi kuu akiwa amesimama ndani ya maji. Asifanye hivyo. Swichi kuu izimwe mapema, sakafu ingali kavu; kama maji yamekwisha kufika, aondoke na kuomba shirika la umeme likate laini kutoka nje. Baada ya maji kupungua, nyumba isiwashwe umeme mpaka fundi aikague, kwa sababu tope hubaki ndani ya soketi hata ukuta ukionekana umekauka. Waya ulioanguka barabarani uchukuliwe kuwa una umeme, hata kama mtaa wote uko gizani. Watu wakae umbali wa angalau mita 10, na mmoja wao azuie watoto na bodaboda wasipite wakati wengine wakipiga simu.

Akiwapo aliyenaswa na umeme, upendo usitutangulie akili. Tumewahi kusikia habari za watu wawili au watatu waliokufa wakishikana, kila mmoja akimwokoa mwenzake. Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu. Ikishindikana, na ikiwa ni umeme wa nyumbani, mwokoaji asimame juu ya kitu kikavu na kumsukuma mwathirika kwa mti mkavu au plastiki. Kwa nyaya kubwa za njiani hakuna wa kusogea mpaka laini ikatwe. Akishaachiwa, ikiwa haamki wala hapumui kawaida, akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikizama sentimita tano hadi sita, bila kusimama hadi msaada ufike. Asifukiwe mchangani wala asimwagiwe maziwa. Mila hizo hupoteza dakika ambazo ubongo hauna. Na hata aliyeamka mwenyewe apelekwe hospitali, kwa sababu kovu dogo la ngozi laweza kuficha madhara makubwa ya misuli, figo na moyo. Kwa moto wa umeme, maji yasitumike. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Hayo ndiyo mambo ambayo kila kaya inapaswa kuyajua. Lakini si haki kuiachia kaya mzigo wote. Zahanati ambayo kila asubuhi hutoa elimu kwa akina mama kuhusu chanjo na lishe inaweza kutenga dakika tano kwa ajili ya jiko la mkaa na hita ya ndoo. Shirika la umeme, linapotuma taarifa ya kukatika kwa umeme, linaweza kuongeza sentensi moja: chomoa pasi, jenereta nje. Muuzaji wa jenereta anaweza kubandika onyo la Kiswahili kwenye mashine, kwa sababu onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi ni sawa na kutokuwapo. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaweza kutoa sehemu yake kwa ajili ya kifaa kinachokata umeme unaovuja. Vyuo vya afya, kikiwamo kila chuo kinachowafundisha madaktari na wauguzi wetu, viweke swali la jenereta katika orodha ya maswali ambayo mwanafunzi hulazimika kumuuliza mgonjwa mwenye maumivu ya kichwa.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayohitaji kusubiri bwawa jipya wala njia mpya ya umeme. Nyingi zinahitaji maneno machache yanayosemwa kwa wakati. Kipindupindu kilitufundisha kwamba ugonjwa unaoletwa na maji hauzuiwi na mhandisi wa maji peke yake. Mama aliyefundishwa kuchemsha maji ameokoa maisha kabla bomba halijafika. Vivyo hivyo, wakati mafundi wakiendelea na kazi yao juu ya nguzo, sisi wa afya tuna kazi yetu huku chini: kuhakikisha kwamba umeme unaporejea, unawakuta watu wote wa nyumba wakiwa hai.